Jim Reeves kwa Pesa Kidogo: Ununue Nini Nakuru Kabla ya Krismasi

Ukitaka nyimbo bora za Jim Reeves nyumbani kabla ya Krismasi, na mfukoni huna zaidi ya shilingi 2,500, nunua redio ndogo yenye sehemu ya kuchomeka flashi, flashi moja ya GB 8 au 16, na mkusanyo mmoja wa nyimbo safi. Achana na kadi ya nyimbo 500. Gramafoni nayo iache kwa sasa. Sababu zinafuata hapa chini, pamoja na bei na zile gharama ambazo muuzaji hazitaji mpaka umeshatoa pesa.

Bei zote humu ni makadirio ya kukusaidia kupatana. Muuzaji na muuzaji hutofautiana, na ukiwa Molo, Gilgil, Njoro au Eldama Ravine utakuta tofauti ya shilingi mia moja au mbili hivi. Ukitajiwa bei iliyozidi makadirio haya maradufu, ondoka.

Jina moja, rekodi za aina tatu

Kabla ya kulinganisha bei, jua unanunua nini. Jim Reeves alizaliwa Texas, Marekani, mwaka 1923. Alifariki tarehe 31 Julai 1964 akiwa na umri wa miaka 40, ndege ndogo aliyokuwa akiiendesha mwenyewe ilipoanguka karibu na Nashville katikati ya dhoruba. Kazi yake ya kurekodi ilikuwa fupi, lakini kampuni yake ya rekodi iliendelea kutoa sahani zenye jina lake kwa miaka mingi baada ya mazishi. Hapo ndipo mnunuzi anapopotezwa.

Aina ya kwanza ni rekodi za mwanzo, za kati ya 1953 na 1955, alizoifanyia kampuni ndogo ya Abbott. "Mexican Joe" na "Bimbo" ni za wakati huo. Sauti iko juu, mdundo una kasi, ni nyimbo za kuchangamsha. Mtu aliyezoea yule Reeves wa sauti ya chini anaweza kudhani kauziwa mwimbaji mwingine.

Aina ya pili ndiyo yenye thamani ya pesa zako: rekodi za RCA Victor kuanzia "Four Walls" ya 1957 hadi kifo chake, nyingi zikiwa chini ya mtayarishaji Chet Atkins. Reeves alisogeza mdomo karibu kabisa na maikrofoni, akashusha sauti, na ala zikapunguzwa zikabaki chache. "He'll Have to Go", aliyoirekodi mwaka 1959, ilikaa wiki 14 kileleni mwa chati ya kantri Marekani mwaka uliofuata. Sauti hiyo ndiyo iliyompa jina, na ndiyo huwajia wengi akilini wakisikia Jim Reeves akitajwa.

Aina ya tatu ni zile zilizotoka baada ya 1964. Wahandisi walichukua sauti yake iliyobaki kwenye kanda, wakaiongezea vinanda na waitikiaji wapya. Nyingine zilitokea vizuri sana: "Distant Drums" ilishika namba moja Uingereza mwaka 1966, miaka miwili baada ya yeye kufariki. Nyingine ni za kubandikwa tu. Mwaka 1981 ulitoka wimbo "Have You Ever Been Lonely" ambamo Reeves anaimba pamoja na mwimbaji wa kantri Patsy Cline. Kufikia wakati huo wote wawili walikuwa marehemu, na wimbo huo hawakuwahi kuurekodi pamoja. Sauti zao ziliunganishwa kwa mitambo.

Basi muuzaji akikwambia ana Jim Reeves, muulize ni Reeves wa miaka ipi. Swali hilo moja litakuokolea pesa kuliko punguzo lolote.

Na filamu je? Reeves aliongoza waigizaji katika filamu moja, Kimberley Jim, iliyopigwa Afrika Kusini mwaka 1963, kuhusu wacheza kamari wawili wanaojipatia mgodi wa almasi. Alipendwa sana kule hata akarekodi nyimbo kwa Kiafrikaans. Kwa mnunuzi wa pesa chache, sahani ya nyimbo za filamu hiyo si ya kuanzia. Ni ya mtu ambaye tayari anazo nyingine zote. Na ukikuta sahani ya mtumba ya bei poa yenye maneno ya Kiafrikaans kwenye jalada, omba kuisikiliza kwanza, usije ukafika nyumbani na nyimbo ambazo hakuna mtu wa kuziimba nawe.

Bonde la Ufa na kantri

Kantri haikuanza jana katika sehemu zetu. Mwaka 1950, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alipita Kapkatet, upande wa Kericho, akirekodi muziki wa Wakipsigis. Wasichana wa huko walimwimbia "Chemirocha", wimbo unaomtaja kiumbe nusu mtu nusu swara. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye naye alikuwa amecheza katika filamu fupi ya 1929, The Singing Brakeman. Sauti yake ilikuwa imewafikia wanakijiji kwa gramafoni. Rekodi ya wasichana hao imehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika ya ILAM, Afrika Kusini.

Kwa hiyo soko la nyimbo hizi lina mizizi mirefu hapa kwetu. Reeves husikika kwenye matatu, kwenye matanga, kanisani na kwenye meza ya Krismasi. Penye soko kubwa hivi, bidhaa hafifu nazo hujaa. Sasa tuzipime njia za kununua, moja baada ya nyingine.

Redio: bure, lakini huchagui

Bei: redio ndogo ya FM isiyo na flashi, shilingi 500 hadi 1,000.

Ukiwa na redio tayari, hulipi kitu. Vituo kadhaa hucheza kantri, hasa Jumapili, na kipindi cha Sundowner cha KBC English Service kimekuwa nyumba ya nyimbo za zamani za Kizungu kwa miaka mingi. Disemba ikifika, nyimbo za Krismasi za Reeves utazisikia bila kuomba.

Gharama iliyofichika ni betri. Redio ya mawe makubwa mawili, ikiwashwa kutwa, itakula pesa kila mwezi mpaka izidi bei yake yenyewe. Tafuta inayochajiwa. Na ukumbuke kwamba kwenye mabonde na nyuma ya vilima, upande wa Subukia au Mau kwa mfano, baadhi ya vituo hukwaruza au hupotea kabisa.

Inamfaa anayetosheka na kusikia wimbo ukimjia. Anayetaka wimbo fulani saa fulani, kwa mfano kwenye matanga au arusi, hawezi kuitegemea.

Flashi ya kibandani: rahisi, yenye mitego mingi

Bei: flashi ya GB 8 au 16, shilingi 400 hadi 700. Kuwekewa nyimbo, shilingi 5 hadi 10 kwa wimbo, au shilingi 100 hadi 300 kwa kifurushi.

Hii ndiyo njia inayotumiwa zaidi. Vibanda vya simu karibu na steji na kwenye mitaa ya katikati ya Nakuru huwa na kompyuta iliyojaa nyimbo. Unatoa flashi, unasubiri dakika kumi, unaondoka. Ni haraka na ni bei poa, lakini mitego ipo mitano.

Mtego wa kwanza ni ukubwa wa uongo. Flashi iliyoandikwa GB 128 na kuuzwa shilingi 500 mara nyingi haina hata robo ya nafasi hiyo. Nyimbo zinaonekana zimeingia, kisha zinakataa kucheza. Wala huhitaji ukubwa huo. Nyimbo za Reeves ni fupi, nyingi ni dakika mbili na nusu hivi. Nyimbo 40 za ubora wa juu hazifiki hata MB 300. Flashi ya GB 8 inakutosha na nafasi inabaki. Tena redio nyingi ndogo hazisomi flashi inayozidi GB 32.

Mtego wa pili ni nyimbo zilizobanwa. Ili kuhifadhi nyimbo nyingi, wauzaji wengine huzikandamiza hadi sauti inakuwa kama inatoka ndani ya debe. Hapa kuna kipimo rahisi. Mwambie kijana wa kibanda akuonyeshe ukubwa wa faili ya "He'll Have to Go", wimbo wa dakika mbili na sekunde chache. Ukiona MB 1 au chini, kataa. MB 2 ni ya kawaida, inafaa redio ndogo. MB 5 ni safi, inafaa hata sabufa ya sebuleni.

Kisha isikilize kwa spika za masikioni, si kwa spika ya kibanda yenye besi iliyopandishwa. Katika rekodi nzuri utasikia piano ya Floyd Cramer ikidondoka nyuma ya sauti, kila noti peke yake, na Reeves akishuka hadi noti za chini kabisa bila kukoroma. Noti hizo za chini zikitetemeka au zikimezwa, faili hiyo imeshaharibika. Hakuna mashine itakayoirudishia sauti iliyokwisha kukatwa.

Mtego wa tatu ni mchanganyiko wa DJ. Faili moja ya saa nzima, nyimbo zimekatwa katikati, na DJ anataja jina lake juu ya sauti ya Reeves. Ukiulipia huo, huwezi kuchagua wimbo wala kuurudia. Sisitiza kila wimbo uwe na faili yake.

Mtego wa nne ni majina yasiyo sahihi. Katika kompyuta za vibanda, kila mwanamume mwenye sauti nzito huitwa Jim Reeves. Utakuta mwimbaji Don Williams humo, na waimbaji wa kuiga. Ukiahidiwa nyimbo 500, tarajia marudio, nyimbo za watu wengine, na zile za kubandikwa baada ya kifo.

Mtego wa tano ni wa haki. Nyimbo zinazopakiwa kibandani kwa kawaida hazina ruhusa. Rekodi zenyewe ni za zamani, lakini utunzi una wenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaulinda utunzi kwa miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Cindy Walker, aliyetunga "Distant Drums", alifariki mwaka 2006, hesabu mwenyewe. Kwa hiyo nunua flashi kibandani, lakini nyimbo zitoe kwenye njia halali inayofuata. Tofauti ya gharama ni ndogo kuliko unavyodhani.

Kununua na kupakua mtandaoni: bei ya juu mara moja, kisha basi

Bei: dola moja hivi kwa wimbo, au karibu dola kumi kwa albamu. Dola ikiwa karibu shilingi 130, albamu ni kama shilingi 1,300.

Maduka ya mtandaoni yanayouza faili huuza rekodi zilizopewa ruhusa, na faili huwa safi. Ukishalipa ni yako, hakuna ada ya mwezi. Mkusanyo mmoja mzuri wa nyimbo 20 au zaidi huuzwa kwa bei ya albamu moja, kwa hiyo usinunue wimbo mmoja mmoja isipokuwa unataka nyimbo chini ya kumi.

Gharama zilizofichika ni tatu. Benki inaweza kukata ada ya kubadilisha fedha ukilipa kwa dola. VAT ya asilimia 16 inaweza kuongezwa mwishoni, wakati umeshaweka nambari ya kadi. Na unahitaji bando la kupakua, ingawa albamu ya nyimbo 20 haizidi MB 150.

Kabla ya kulipa, soma maelezo madogo chini ya jina la albamu. Ukiona imeandikwa kwamba nyimbo zimerekodiwa upya au zimepigwa na bendi nyingine, ruka. Makusanyo hayo huwa na picha ya Reeves kwenye jalada na sauti ya mtu mwingine ndani.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Makusanyo mengi ya bei ya chini kutoka Ulaya huishia mwaka 1962. Kule, muda wa ulinzi wa rekodi zilizotoka kabla ya 1963 umekwisha, kwa hiyo kampuni yoyote inaweza kuzitoa. Kwako hiyo ni nafuu: utapata "Four Walls" na "He'll Have to Go" kwa pesa kidogo. Ila albamu ya Krismasi, Twelve Songs of Christmas, ilitoka 1963. Haimo kwenye makusanyo hayo. Ukiitaka kwa ajili ya tarehe 25, itafute kwa jina lake na uilipie kando.

Programu za kusikiliza kwa mwezi: nafuu kwa msikilizaji wa kila siku

Bei: moja ya programu kubwa za kimataifa ilipoingia Kenya mwaka 2021 ilianza kwa shilingi 299 kwa mwezi. Angalia bei ya leo kabla ya kujiunga.

Hesabu ya shilingi 299 kwa miezi 12 ni shilingi 3,588. Ukisikiliza waimbaji wengi, thamani ipo. Ukimtaka Reeves peke yake, mkusanyo mmoja na albamu ya Krismasi, jumla shilingi 2,600, vitakugharimu chini ya ada ya mwaka mmoja, na mwakani hulipi tena.

Bando nalo lina hesabu yake. Sauti ya ubora wa kawaida hula MB 50 hadi 60 kwa saa. Saa moja kila siku ni kama GB 1.7 kwa mwezi. Ukitazama video za nyimbo hizohizo, matumizi hupanda mara kadhaa, na picha yenyewe huwa ni jalada la sahani lisilosogea. Usilipie picha hiyo. Zima video, au pakua nyimbo ndani ya programu ukiwa na Wi-Fi ya kazini au ya jirani aliyekukaribisha, kisha usikilize bila intaneti.

Angalia pia kujisasisha. Programu nyingi hukata pesa mwezi unaofuata bila kuuliza. Kama unataka mwezi wa Disemba tu, weka ukumbusho kwenye simu na ujiondoe siku tatu kabla ya mwezi kuisha. Ukijiondoa, nyimbo ulizopakua ndani ya programu zinafungwa. Hazihamishiki kwenye flashi.

CD: bado ina maana kwa wenye mashine

Bei: CD ya kuchomwa mtaani, shilingi 50 hadi 100. CD halisi kutoka nje, shilingi 1,500 hadi 3,000 mpaka ikufikie mkononi.

Nyumba nyingi bado zina mashine ya DVD chini ya televisheni, na mashine hiyo hucheza CD ya muziki. Kama unayo na inafanya kazi, CD moja halisi ya nyimbo 20 au zaidi ni ununuzi wa busara. Haitaki bando, haitaki simu, na kijitabu cha ndani hukwambia kila wimbo ulirekodiwa lini.

CD ya kuchomwa mtaani ni hasara hata kwa shilingi 50. Huchubuka upesi, haina stika ya uthibitisho ya KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na nyimbo ni zilezile zilizobanwa. Redio nyingi za magari ya sasa hazina tena mahali pa kuiingiza.

Ukiagiza kutoka nje, bei ya CD ndiyo sehemu ndogo. Jumlisha usafiri, ushuru wa forodha, VAT na ada za uagizaji. CD ya shilingi 800 dukani Uingereza inaweza kuzidi 2,500 kabla hujaipokea Posta. Nafuu zaidi ni kumtuma jamaa anayekuja nyumbani Disemba aiweke kwenye begi lake. Mwambie mapema, na mpe jina kamili la albamu.

Santuri: nzuri, lakini si ya mwenye haraka

Bei: sahani ya mtumba, shilingi 500 hadi 2,500. Mashine, shilingi 8,000 hadi 25,000. Sindano, shilingi 800 na kuendelea.

Reeves alirekodi kwa ajili ya santuri, na sahani safi kwenye mashine nzuri inaipa sauti yake uzito ambao flashi ndogo haiwezi kuufikia. Kama umerithi mashine ya mzee na bado inazunguka, usiiuze. Mtafute fundi wa redio aibadilishie mkanda na sindano. Gharama itakuwa chini sana ya kununua nyingine.

Kuanza upya ni jambo tofauti. Nakuru sahani hupatikana kwa bahati, kwa mtu anayehama au familia inayosafisha nyumba. Soko la uhakika liko Kenyatta Market, Nairobi. Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi elfu moja au zaidi, na Disemba hupanda. Sahani ya 800 imeshakuwa ya 1,800 kabla hujaiweka kwenye mashine.

Ukinunua, ipeleke sahani dirishani na uiinamishe ili mwanga uipige kwa upande. Mikwaruzo myepesi kama unywele haina neno. Mkwaruzo unaousikia kwa ncha ya ukucha utafanya sindano irukeruke. Tazama tundu la katikati. Likiwa limepanuka au kuzungukwa na alama nyingi, sahani imechezwa hadi kuchoka. Iweke juu ya meza bapa: ikiinuka upande mmoja, imepindwa na joto.

Soma jalada pia. Katika miaka ya 1960 kampuni zilichukua rekodi za mono, yaani za njia moja ya sauti, na kuzigeuza stereo kwa mitambo, kisha zikaandika hivyo kwenye jalada. Mara nyingi sauti ya Reeves hapo husikika kama iko ukumbini mbali nawe. Ukipewa chaguo kati ya sahani hiyo na ya mono halisi kwa bei ileile, chukua mono.

Mwisho, vumbi. Kiangazi cha Nakuru hutimua vumbi jingi, nalo ni adui wa sindano. Bila mfuniko wa mashine na kitambaa laini, utanunua sindano mpya kabla ya wakati.

Kaseti tuzipite haraka: kanda zake zimezeeka, mafundi wamepungua, na vichwa vya kusomea havipatikani kwa urahisi. Usitoe zaidi ya shilingi 100, na uwe tayari una mashine.

Nyimbo za kudai kwanza

Ukiwa na nafasi ya nyimbo chache tu, anza na hizi: "Four Walls", "He'll Have to Go", "Billy Bayou", "Am I Losing You", "Adios Amigo", "Welcome to My World", "I Love You Because", "I Won't Forget You" na "Distant Drums". Ongeza "Mexican Joe" na "Bimbo" ili watoto wapate cha kuchezea.

Kwa Jumapili na matanga, chukua albamu mbili za nyimbo za dini: God Be with You ya 1958 na We Thank Thee ya 1962. Hakikisha pia "This World Is Not My Home" imo katika orodha yako, maana wazee watauulizia. Kwa Krismasi, Twelve Songs of Christmas. Jumla inafika nyimbo 40 bila taabu, na karibu zote ni za ile sauti ya karibu na maikrofoni unayoilipia.

Ukiwa na kinyozi, hoteli au matatu

Hapa gharama hubadilika. Ukinunua albamu au kulipia programu ya mwezi, umelipia usikilizaji wako mwenyewe. Kucheza muziki mbele ya wateja kunahitaji leseni ya vyama vya kukusanya mirabaha vinavyosimamiwa na KECOBO. Ada hutegemea aina na ukubwa wa biashara.

Iingize ada hiyo kwenye bajeti ya mwaka mapema. Kabla ya kulipa, hakikisha chama kinachokudai kimeidhinishwa na KECOBO mwaka huo, na ulipe kwa njia yenye risiti. Mtu akija mlangoni akitaka pesa taslimu bila karatasi, usimpe.

Uamuzi kwa kila mfuko

Shilingi 500 au chini. Tegemea redio uliyo nayo. Kama simu yako inahifadhi nyimbo, nunua nyimbo tatu kwa njia halali: "He'll Have to Go", "Four Walls" na mmoja wa Krismasi. Tatu safi ni bora kuliko mia tano zinazokwaruza.

Shilingi 1,500 hadi 2,500. Redio inayochajiwa yenye sehemu ya flashi, kati ya 1,000 na 1,500, na flashi ya GB 8. Pesa zikibaki za kutosha, zitoe kwa mkusanyo mmoja wa bei ya chini. Albamu ya Krismasi nunua pamoja na ndugu au jirani: mmoja anunue, mkusanyike kwake siku yenyewe.

Shilingi 3,000 hadi 5,000. Redio na flashi kama hapo juu, mkusanyo kamili, albamu ya Krismasi na, pesa zikitosha, moja ya nyimbo za dini. Kwa familia nyingi hapa ndipo pa kusimama. Ukiongeza pesa zaidi ya hapo, masikio hayataona tofauti kubwa.

Shilingi 10,000 na zaidi. Kabla ya mashine ya santuri, nunua spika nzuri. Faili safi kwenye spika nzuri inaishinda sahani iliyochoka kwenye mashine dhaifu. Santuri ingojee Januari, wenye sahani wanapotafuta karo na bei zinakubali kushuka.

Nenda sokoni wiki ya mwisho ya Novemba, kabla msongamano wa Disemba haujapandisha bei na kabla muuzaji hajakosa muda wa kukuruhusu usikilize. Beba spika za masikioni zako mwenyewe na orodha ya nyimbo iliyoandikwa. Jaribu redio na flashi papo hapo, dai risiti, na ulizia siku za kurudisha. Ukifika nyumbani, nakili nyimbo kwenye simu au kompyuta usiku huohuo, kwa sababu flashi huharibika bila kutoa taarifa, na nyimbo ulizozilipia mara moja hazifai kulipiwa mara ya pili.